Maswali ya Wasomaji: Wafanyakazi wa Maktaba na Utengenezaji wa Kurasa za Wavuti

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia zimehusu jambo moja, yaani kuwafundisha watumishi wa maktaba kubuni na kutengeneza kurasa za wavuti. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imegusa mambo ambayo wengine wengi wameyauliza.

SWALI: Ndugu Mshauri, natumaini hujambo na kazi zinaendelea vizuri. Ninaongoza maktaba ya chuo kimoja cha kati wilayani Temeke. Tuna watumishi 7, kompyuta 4, na mtandao ambao siku nyingine upo na siku nyingine haupo. Uongozi wa chuo umeagiza kwamba watumishi wa maktaba wajifunze kutengeneza kurasa za maktaba wao wenyewe, badala ya kupeleka ombi kitengo cha TEHAMA kila panapotokea tangazo. Nimepewa fedha za semina ya siku 5. Watumishi 4 wamesomea ukutubi Bagamoyo, 3 wamejifunza kazi wakiwa kazini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutengeneza ukurasa. Nianzie wapi, na nitumie programu gani?
— Mkutubi Mkuu, Temeke

JIBU: Ndugu yangu Mkutubi, pole kwa mzigo na hongera kwa agizo hilo, maana uongozi unaotaka maktaba iandike kurasa zake yenyewe umetambua maarifa yalipo. Nianze na swali lako la mwisho: kwa sasa usichague programu yoyote. Katika semina ya kwanza niliyoiendesha hapa Dar es Salaam nilitumia siku mbili nzima kuwaonyesha washiriki vitufe na menyu za programu ya kutengenezea tovuti, na siku ya tatu nilipowauliza kurasa zao zitasema nini, hakuna aliyekuwa na jibu, kwa kuwa hadi siku hiyo sikuwa nimewapa nafasi ya kulifikiria jambo hilo. Kosa lilikuwa langu, na utaratibu ninaokupa hapa umetokana nalo.

Anza na daftari. Wiki mbili kabla ya somo la kwanza, weka daftari moja kwenye dawati la uazimishaji na jingine kwenye dawati la marejeleo, na kila mtumishi aandike swali aliloulizwa na msomaji kwa maneno yale yale ya msomaji, bila kuyasanifu. Utaona jinsi yanavyojirudia: mnafunga saa ngapi, Jumamosi mpo, kadi inapatikanaje, nimechelewesha kitabu nitalipa kiasi gani, mitihani ya miaka iliyopita iko wapi, naruhusiwa kuingia na begi? Kila swali linalojirudia ni ukurasa au ni sehemu ya ukurasa. Mkutubi wa India S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za mwaka 1931, aliweka ya nne kuwa kuokoa muda wa msomaji, na waliosomea kazi hii wanaikumbuka vizuri. Ukurasa unaomjibu mwanafunzi akiwa bado nyumbani Mbagala, kabla hajapanda daladala na kukuta mlango umefungwa, ni utekelezaji halisi wa kanuni hiyo.

Madaftari yakishajaa, kata karatasi za manila ziwe vipande vya ukubwa wa kadi ya katalogi, andika swali moja katika kila kipande, kisha waache watumishi wako wavipange mezani katika mafungu na kuyapa majina. Hapo hawatahitaji kufundishwa sana, kwa sababu kupanga ndiyo kazi yao ya kila siku. Hata hivyo, liko kosa moja ambalo sisi watu wa maktaba hulifanya karibu kila mara: tunapanga kwa kufuata vitengo vyetu, tukawa na fungu la Usindikaji (kuandaa vitabu vipya kabla ya kwenda rafuni), fungu la Majarida na fungu la Huduma za Kiufundi, ilhali msomaji hajui wala hana haja ya kujua kitabu chake kinasindikwa na nani. Kwa hiyo waite wanafunzi wanne au watano, mmoja baada ya mwingine, wavipange vipande vile vile bila kusaidiwa, nanyi mkae kimya na kuandika mnayoyaona. Kama mwanafunzi ameliita fungu lake «Nimechelewa kurudisha», jina hilo lina manufaa zaidi kwenye ukurasa kuliko «Kanuni na Taratibu za Uazimishaji», hata kama hilo la pili ndilo lililomo katika waraka wa chuo.

Sasa semina inaweza kuanza, nami nakusihi ianze na HTML, yaani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, iliyoandikwa kwa mkono, katika Notepad au kihariri kingine chochote cha maandishi matupu, faili ikihifadhiwa katika kompyuta na kufunguliwa kwa kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kilicho humo humo. Kazi hii haihitaji mtandao hata kidogo, na kwa hali uliyoieleza hiyo ni nafuu kubwa. Watu wawili wakae kwenye kompyuta moja, mmoja aandike na mwenzake asome kwa sauti kilichoandikwa, kisha wabadilishane; kwa watumishi 7 kompyuta 4 zinatosha kabisa. Ikitokea mtu akadai kwamba lugha hii imepitwa na wakati, mweleze kwamba Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, kwamba mwezi Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu wote uutumie bila malipo, na kwamba tagi, yaani alama zinazoiambia kompyuta kila kipande cha maandishi ni nini, za aya, za vichwa na za viungo zilizokuwapo siku hizo za mwanzo bado zinasomwa na simu zinazouzwa Kariakoo leo. Ni ujuzi mchache katika fani ya kompyuta uliodumu kiasi hicho.

Unapozifundisha tagi zenyewe, tumia yale wanayoyajua. Waliopitia uainishaji wa Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, wanafahamu kwamba 900 ni historia na jiografia, ndani yake imo 960 ya Afrika, ndani ya hiyo imo 967, na ndani ya 967 imo 967.8 ambayo ni Tanzania. Hawawezi kuruka kutoka 900 hadi 967.8 pasipo kupita katikati. Vichwa vya ukurasa vina mpango wa namna hiyo hiyo: h1 ni kichwa kikuu cha ukurasa mzima, h2 ni sehemu zake, h3 ni vifungu vya sehemu hizo. Mtumishi akiweka h4 mara baada ya h1 kwa sababu amependa ukubwa wa herufi zake, mwulize angefanya hivyo rafuni? Ataelewa papo hapo.

Viungo navyo vina asili wanayoifahamu. Tuliozoea makabati ya kadi tunakumbuka maelekezo mawili, «tazama» na «tazama pia»: la kwanza lilimtoa msomaji katika jina lisilotumika na kumpeleka katika jina linalotumika, la pili likamwonyesha jambo lililo jirani na lile alilolitafuta. Kiungo cha wavuti ni «tazama pia» inayofunguka kwa kubofya. Lakini chukua mfano huu uubandike ukutani siku zote za mafunzo: hakuna mworodheshaji yeyote aliyewahi kuandika kadi isemayo «tazama hapa». Aliandika «tazama pia» kisha akataja kichwa chenyewe, ili msomaji ajue anakopelekwa. Kwa nini basi kurasa zetu zimejaa «bonyeza hapa», na «hapa» nyingine, na «hapa» ya tatu? Maneno ya kiungo yataje kitu kilichoko upande wa pili: «Fomu ya kuomba kadi ya maktaba», «Mitihani ya Uhasibu ya mwaka 2023».

Kuhusu siku 5, nakushauri uzungumze na uongozi ili uzigawe. Semina ya siku 5 mfululizo humpa mtu cheti na mkoba, na baada ya mwezi mmoja wa kurudi dawatini bila kugusa faili, karibu yote huwa yamepotea. Saa 3 za asubuhi moja kila wiki kwa wiki 12 au 13 ni muda ule ule, ila kati ya somo na somo mtumishi anakuwa na ukurasa wake halisi wa kuendeleza, na anarudi darasani akiwa na maswali yaliyotokana na kazi. Kila mmoja apewe ukurasa wake tangu wiki ya kwanza, ule uliotoka katika fungu la maswali ya daftari, na abaki nao hadi mwisho. Kurasa za mazoezi kuhusu mambo ya kubuni hazimgusi mtu moyo.

Mwonekano uufundishe baadaye, na uufundishe peke yake. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie wa Norway alipendekeza CSS ili maelezo ya rangi, ukubwa na nafasi yakae nje ya maandishi yenyewe, na sanifu yake ya kwanza ilitolewa Desemba 1996. Faida yake wataiona kwa macho siku watakapobadilisha mstari mmoja katika faili moja na kurasa zote 7 zikabadilika rangi kwa pamoja. Nimeona watu wazima wakipiga makofi katika somo hilo, na sikushangaa.

Kwenye picha usiwe mpole. Picha moja ya simu inaweza kuwa na MB 4, hivyo picha 10 za mahafali zilizowekwa kama zilivyo ni MB 40, na anayezilipia ni mwanafunzi aliyejiunga na bando dogo la siku. Zikipunguzwa upana na kubanwa hadi KB 150 kila moja, zote 10 hazizidi MB 1.5, na kwenye kioo cha simu hataona tofauti. Kila ukurasa ukikamilika, uangaliwe kwanza kwenye simu ya bei nafuu iliyopo ofisini, kisha ndipo uangaliwe kwenye kompyuta.

Liko jambo ambalo watu huliacha liwe la mwisho, nami naliomba lisiwe la mwisho kwako: wasomaji wasioona na wenye uoni hafifu. Hapa jijini watoto wasioona husoma pamoja na wenzao katika shule kama Uhuru Mchanganyiko, na hao ndio watakaokuja kuwa wanafunzi wa vyuo vyetu. Msomaji wa aina hiyo husikiliza ukurasa kwa programu ya kusoma skrini, kwa mfano NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na inayopatikana bure. Programu hiyo humrusha kutoka kichwa hadi kichwa, na ndiyo maana nimeng'ang'ania mpango wa h1 na h2. Picha isiyo na maelezo ya alt, yaani maneno yaliyowekwa katika tagi yake kueleza inaonyesha nini, kwake ni ukimya, na mitihani iliyopigwa picha na kuwekwa kama taswira ndani ya PDF, bila maandishi, kwake ni karatasi tupu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, yaani wa kufanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kwa hiyo kijivu cha kupauka juu ya weupe, ambacho wabunifu wengi hukipenda, hakifai. Tena mwanzoni mwa kila ukurasa wa Kiswahili kuna sehemu ya kutaja lugha, nayo iandikwe sw. Violezo vingi huja vikiwa vimeandikwa en, na matokeo yake Kiswahili chetu hutamkwa na mashine kwa matamshi ya Kiingereza hadi kisieleweke. Washa NVDA darasani, mwombe kila mtumishi afumbe macho na asikilize ukurasa wake mwenyewe. Dakika 10 zinatosha.

Baada ya yote hayo, wakianza kutumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti ambayo imekuwapo tangu mwaka 2003, wataijua kwa ndani, kwa sababu kila kitufe watakachokibofya kitakuwa kinawaandikia tagi ambazo wamekwisha kuziandika kwa mikono yao. Orodha ya vitabu usiinakili kwenye kurasa. Kama katalogi yenu iko katika Koha, programu iliyozaliwa katika maktaba za Horowhenua huko New Zealand na kuanza kutumika Januari 2000, weka kiungo na kisanduku cha kutafutia, basi.

SWALI: Mwanangu Mshauri, mimi ni mama wa miaka 57, nipo dawati la uazimishaji tangu ujana wangu, na nimebakiza miaka 3 kustaafu. Mkuu wetu ametaka na mimi niingie darasa la kutengeneza kurasa. Kompyuta naitumia kuazimisha na kupokea vitabu tu. Naogopa kuharibu vitu vya ofisi, na naona kama nachukua nafasi ya kijana ambaye angeifaidi zaidi. Nifanyeje?
— Msaidizi wa Maktaba, Ilala

JIBU: Shikamoo mama. Ingia darasani, tena ukae mstari wa mbele.

Hofu ya kuharibu naielewa, na ina dawa. Ukurasa unaojifunzia ni faili moja ndani ya kompyuta. Kabla ya kuanza kila siku, unakili na kuipa nakala jina la tarehe ya leo. Ukikosea hadi usione pa kutokea, unafuta ya leo na kurudi kwenye ya jana. Hakuna kitabu kitakachopotea wala msomaji atakayefutwa, kwa kuwa mfumo wa kuazimisha uko mbali na faili hiyo. Kosa utakalolifanya mara nyingi ni kusahau kufunga tagi: ukifungua herufi nzito bila kuzifunga, maandishi yote yanayofuata yatakuwa mazito. Rudi nyuma ulikoanzia uzito, na mahali unapotaka uishie ongeza tagi ya kufunga, yenye mkwaju na herufi yake, hifadhi, fungua upya. Vijana nao husahau vile vile, mama, na wengine wana shahada.

Macho yakichoka, shika kitufe cha Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha, maandishi yatakua. Na ukurasa ambao hata ukikuzwa bado unakutaabisha, useme wazi mbele ya darasa, maana umewaonyesha kasoro ambayo msomaji mwenye macho kama yako angeikuta kimya kimya na kuondoka.

Kuhusu nafasi ya kijana, nifikirie jambo moja pamoja nawe. Kwa miaka yote hiyo umesimama mahali ambapo msomaji hufika akiwa hajui aulize nini, nawe umemsaidia kulipata swali lake. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana anajua kuandika tagi upesi, lakini hajui kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisema «kitabu cha lekcha» anamaanisha kimojawapo kati ya vitu vitatu tofauti. Hilo linajulikana kwako, na lisipoandikwa katika kurasa hizo ndani ya miaka 3 iliyobaki, litaondoka nawe siku utakapoaga. Mwombe mwalimu wako akupe ukurasa wa maswali ya dawatini, na uandike kwa maneno unayoyatumia kila siku ukimjibu mtoto wa watu.

Mwombe pia afundishe kwa Kiswahili. Kivinjari, kiungo, ukurasa, tagi, seva: maneno yote tunayo, na hakuna sababu ya mtu mzima kutishwa na lugha kabla hajatishwa na kazi.

SWALI: Mheshimiwa, mimi ni afisa TEHAMA katika taasisi moja iliyopo Ubungo. Kwa heshima zote, naona mnawatwisha wakutubi kazi isiyo yao. Fundi wa tovuti anaweza kuimaliza kwa wiki moja, na siku hizi akili mnemba inaandika ukurasa mzima kwa dakika moja. Kwa nini watumishi wasumbuliwe na tagi?
— Afisa TEHAMA, Ubungo

JIBU: Ndugu Afisa, kazi ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, usalama wake, masasisho ya programu na nakala rudufu ni yenu, na mkutubi anayejaribu kuifanya peke yake anajiweka hatarini pamoja na taasisi yake. Hapo tunakubaliana bila shaka yoyote. Tunapotofautiana ni kuhusu ukurasa wenyewe, yaani maneno yake, mpangilio wake na uhai wake baada ya siku ya uzinduzi.

Naijua maktaba moja hapa jijini ambayo ilimlipa fundi akatengeneza tovuti nzuri kwa macho. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, alikisajili kwa barua pepe yake binafsi, nywila zikabaki kwake, na hakuna mtumishi aliyefundishwa hata kubadilisha saa za kufungua. Fundi akapata kazi mkoa mwingine. Saa za mwezi wa Ramadhani za mwaka mmoja zilibaki kwenye ukurasa wa mbele hadi mwaka uliofuata, kisha taarifa ya kulipia kikoa ikatumwa kwenye ile barua pepe ambayo hakuna ofisini aliyeweza kuifungua, na siku moja tovuti ikazimika. Wasomaji walipiga simu kwa wiki kadhaa kabla ya ofisi kuelewa kilichotokea. Fundi simlaumu sana. Hakuna aliyemwomba akabidhi. Tangu hapo, kila ninapofundisha, somo moja zima huwa la makabidhiano: kikoa kisajiliwe kwa jina na barua pepe ya ofisi, nywila zijulikane na wenye vyeo viwili tofauti, na tarehe ya kulipia iandikwe mahali inapoandikwa tarehe ya kulipia majarida, kwa sababu hiyo ofisi haiisahau.

Akili mnemba itumieni. Inaandika tagi vizuri, na inaweza kumsaidia mtumishi kuona alipokosea. Lakini niliwahi kuonyeshwa ukurasa uliotengenezwa nayo, umepangika vizuri sana, ukiwa na saa za Jumamosi kwa maktaba ambayo haifunguliwi Jumamosi; mashine ilijaza tu kilichozoeleka kwingine. Aliyeligundua alikuwa mhudumu wa mlangoni. Mtumishi anayeweza kusoma tagi ana uwezo wa kulikagua andiko la mashine na kulirekebisha, na asiyeweza hulipokea lote au hulitupa lote.

Kuna jambo moja ambalo ningefurahi ulifundishe wewe mwenyewe katika darasa hilo, kwa kuwa una uzoefu nalo: taarifa za wasomaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu sisi sote, na bado naona kurasa za maktaba zikibandika orodha ya majina ya wadaiwa wa vitabu pamoja na namba zao za simu. Waeleze watumishi ni fomu gani inaruhusiwa kukusanya nini, na ikakae wapi. Wakumbushe pia kwamba kitabu chenye hakimiliki hakiwi cha umma kwa sababu maktaba inacho rafuni. Kukiskani kizima na kukiweka mtandaoni ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

SWALI: Je, maktaba yenye kundi la WhatsApp na ukurasa wa Instagram inahitaji tovuti kweli?
— Msomaji, Kinondoni

JIBU: Inahitaji. Tangazo la leo lipelekeni huko kwa sababu watu wako huko, lakini jibu la kudumu liwe na mahali pake. Utaratibu wa kuomba kadi ulioandikwa kundini mwezi Januari umekwisha kufunikwa na salamu, rambirambi na picha ifikapo Machi, na mwanachama mpya hauoni kabisa. Andikeni jibu mara moja katika ukurasa wenu, kisha kundini mtume kiungo chake mara kwa mara.

SWALI: Mwalimu, nasimamia maktaba ndogo ya shule ya msingi Kigamboni. Tuna kompyuta moja, hatuna mtandao, na umeme hukatika. Nilisoma somo la kurasa za wavuti chuoni. Je, naweza kuwatengenezea watoto kitu, au nisubiri mtandao?
— Mwalimu wa Maktaba, Kigamboni

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usisubiri. Kivinjari kinafungua faili iliyo ndani ya kompyuta kama kinavyofungua ukurasa wa mbali, na watoto hawataona tofauti. Fungua folda moja, andika ndani yake ukurasa wa mwanzo wenye jina index.html, na kutoka hapo weka viungo vya kurasa nyingine: wanyama, hadithi, hesabu, historia ya Kigamboni kama walivyoiandika watoto wenyewe wa darasa la sita. Katika kila ukurasa taja vitabu mlivyonavyo kuhusu jambo hilo na rafu vilipo, ili kompyuta imrudishe mtoto kwenye kitabu. Watoto wa madarasa ya juu wanaweza kuandika kurasa hizo pamoja nawe, na hata umeme ukikatika kazi haisimami, kwa sababu ukurasa huandikwa kwanza kwenye daftari, tagi na yote, kisha hunakiliwa kompyutani umeme ukirudi.

Nakala ya folda nzima iweke kwenye flashi mbili, moja ikae shuleni na nyingine nyumbani kwako.

Zingatia mambo mawili tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuyasahihisha baadaye ni kazi ngumu. Viungo vyako vitaje jina la faili na folda yake ndogo tu, visianze na herufi ya diski ya kompyuta yako, kwani kiungo kinachoanza na C: kitakatika mara folda itakapohamia kwenye kompyuta nyingine. Na majina ya faili yote yaandike kwa herufi ndogo bila nafasi kati ya maneno. Kompyuta ya Windows haijali kama umeandika Wanyama.html au wanyama.html, lakini seva nyingi za mtandaoni hutumia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nayo huyahesabu majina hayo kuwa ni faili mbili tofauti. Ukiyashika hayo mawili, siku shule itakapopata mtandao utaipandisha folda hiyo kama ilivyo, bila kugusa hata kiungo kimoja.